Pampu moja, kadi mbili, siku 71

Mume na mke walijaza mafuta kwenye pampu ileile, mke Jumapili, mume Jumanne. Mke alilipa kwa kadi ya debiti, inayochota fedha zako mwenyewe kwenye akaunti, mume kwa kadi ya krediti, inayotumia fedha za benki kwa mkopo. Mtu ambaye hawatamjua kamwe alikuwa ameficha kwenye pampu hiyo kifaa cha kunakili kadi, na wiki ilipoisha akazitumia zote mbili. Mume alimaliza tatizo lake kwa kujibu meseji moja akiwa kwenye foleni ya kinyozi. Mke alihangaika siku 71.

Kisa hiki ni cha mfano. Nimekishona mwenyewe ili kila kifungu cha sheria kionekane kikifanya kazi, na wanandoa hawa hawapo popote. Ila sheria zilizomo, siku zake na viwango vyake ni vya kweli, na ni vya Marekani. Nimechagua pampu moja na mwizi mmoja kwa makusudi, maana watu wakilinganisha kadi hizi mbili kwa kawaida huchanganya visa viwili tofauti, halafu wanabishana bure.

Tuanze na dola 1.20.

Kituo kile kilikuwa na bei mbili ubaoni. Anayelipa kwa debiti alipunguziwa senti kumi kwa kila galoni. Mke, ambaye ni mhudumu wa wagonjwa wa zamu ya usiku, alihitaji galoni 12. Alipiga hesabu haraka, akachomeka kadi ya debiti, akabonyeza namba yake ya siri. Aliona kadi inaingia kwa shida kidogo, kama mlango wa kabati uliovimba kwa mvua, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia. Mumewe hakuwa na habari na punguzo hilo. Yeye alitumia kadi ya krediti kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kwenye pochi, na pampu haikumwuliza namba ya siri, iliuliza tu msimbo wa posta wa anwani yake.

Kadi zote mbili zilikuwa na chipu. Haikuwasaidia, kwa kuwa nyuma ya kadi bado kuna ule mstari mweusi wa sumaku, na kifaa cha mwizi husoma mstari, hakijali chipu. Maduka ya kawaida Marekani yalisukumwa kuhamia kwenye chipu kuanzia Oktoba 2015: duka lisiloweza kusoma chipu ndilo lilianza kubeba hasara ya kadi bandia badala ya benki. Pampu za mafuta zilipewa muda zaidi, ukasogezwa, ukasogezwa tena, mpaka Aprili 2021. Hata sasa zipo zinazosoma mstari. Na kumbuka, mabadiliko yale yalihusu nani kati ya benki na mfanyabiashara anabeba hasara. Mteja hakuwemo kwenye mazungumzo hayo.

Namba ya siri nayo mwizi huipata kwa njia yake, ama kwa kamera ndogo iliyofichwa juu ya vitufe, ama kwa bamba la vitufe bandia lililobandikwa juu ya vile halisi. Akishakuwa na mstari na namba, anaandika data hiyo kwenye kadi nyingine yoyote tupu na kwenda kwenye mashine ya kutolea fedha. Akiwa na mstari peke yake, bila namba, mashine haimpi kitu. Atakwenda dukani kununua bidhaa. Hapo ndipo njia za mume na mke zilipoanza kuachana, kabla sheria yoyote haijaguswa: aliyenakiliwa na namba ya siri aliibiwa noti, aliyenakiliwa bila namba alifanyiwa manunuzi.

Usiku wa Ijumaa, saa tano na dakika 52, dola 500 zilitolewa kwenye mashine moja katika mji wa jirani. Saa sita na dakika 6, dola 500 nyingine, mashine ileile. Zile dakika kumi na nne hazikuwa za bahati. Kadi nyingi zina kikomo cha kutoa fedha kwa siku, na mwizi alijua kwamba siku mpya ya benki inaanza saa sita usiku. Jumamosi saa tatu asubuhi kadi hiyohiyo bandia ilinunua kadi za zawadi za dola 412.37 dukani. Jumla dola 1,412.37. Akaunti iliyokuwa na dola 1,655.20 ikabaki na 242.83.

Wakati huohuo mwizi, au mwenzake, alikuwa na kadi ya mume kwenye maduka mawili ya vifaa vya elektroniki: dola 963.40 ndani ya dakika arobaini. Alipojaribu duka la tatu, kompyuta ya benki iliyotoa kadi ikazuia, ikatuma meseji: ni wewe? Jibu ndiyo au hapana. Mume akajibu hapana. Kadi ikafa papo hapo, mpya ikafika baada ya siku sita, na ile 963.40 ikaandikwa kwenye taarifa ya mwezi kuwa inapingwa, kisha ikaondolewa. Usumbufu wake wote ulikuwa kubadilisha namba ya kadi kwenye bili ya simu na bima ya gari.

Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo? Si kwamba benki ya mume ina roho nzuri kuliko ya mke. Fedha zilizoibwa kwa kadi ya krediti ni za benki. Mteja anadaiwa tu, na deni analolipinga halijatoka mfukoni mwake. Tangu 1970 sheria ya Marekani imeweka kikomo cha dola 50 kwa matumizi ya kadi ya krediti yasiyoidhinishwa, na kama kadi yenyewe iko mfukoni mwako na ni namba tu iliyoibwa, huwajibiki hata senti. Mwaka 1974 ikaongezwa Sheria ya Haki katika Ankara za Mikopo, ambayo binafsi naiona ndiyo yenye meno. Ukiandika barua ndani ya siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kwanza yenye kosa, benki lazima ikiri kuipokea ndani ya siku 30, na imalize suala ndani ya vipindi viwili vya ankara, visivyozidi siku 90. Katika muda huo unaruhusiwa kutolipa kiasi kinachobishaniwa, na benki haina ruhusa ya kukuripoti kuwa mdaiwa sugu kwa ajili ya kiasi hicho.

Barua, nasema. Meseji ya mume ilitosha kuua kadi na kuanzisha uchunguzi, na kwa wizi wa wazi namna hii benki nyingi hazihitaji zaidi. Lakini haki zile za 1974 zinaamshwa na maandishi yaliyopelekwa kwenye anwani ya malalamiko ya ankara, ambayo mara nyingi si anwani unayopelekea malipo. Imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya taarifa. Mume hakuandika, na bahati ilikuwa upande wake.

Tumwache mume. Hana kisa tena.

Mke alirudi kutoka zamuni Jumamosi alfajiri akalala. Jumapili jioni alifungua programu ya benki kwenye simu kuhakikisha kodi ya nyumba, dola 1,150, ingetoka salama kesho yake, tarehe 1, kwa sababu mwenye nyumba huivuta moja kwa moja kutoka kwenye akaunti. Akaona 242.83. Alidhani ameingia kwenye akaunti ya akiba, akatoka, akaingia tena. Kisha akashuka chini kwenye orodha ya miamala na kuona zile dola 500 mbili, moja juu ya nyingine.

Alipiga simu palepale. Hapa alifanya jambo sahihi kuliko yote, na alilifanya kwa hasira tu, bila kujua sheria. Benki ikafunga kadi. Mhudumu wa simu akamsomea mambo mengi kwa haraka, mojawapo likiwa kwamba anatakiwa kuthibitisha malalamiko yake kwa maandishi ndani ya siku kumi za kazi, akampa anwani. Mke akasema sawa, sawa, akiwa anafikiria kodi.

Sheria inayomhusu ni ya 1978, ya uhamishaji fedha kwa njia ya elektroniki, na kanuni yake inayojulikana kwa watu wa benki kama Kanuni E. Hii ndiyo inayonukuliwa kila mahali kwa ngazi zake tatu. Ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue kadi imepotea au imeibwa, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa zaidi ya hapo inaweza kufika 500. Na ukiacha siku 60 zipite tangu taarifa ya akaunti itumwe bila kusema kitu, kinachoibwa baada ya siku hizo 60 kinaweza kuwa chako chote, bila kikomo.

Watu wengi wanaishia hapo na kusema debiti ni hatari kwa sababu unaweza kupoteza 500. Kwa kisa hiki hilo ni kosa. Ngazi mbili za kwanza ni za kadi iliyopotea au kuibwa. Kadi ya mke ilikuwa kwenye mkoba wake muda wote. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inaeleza wazi kwamba kama namba ya kadi imetumiwa na mtu mwingine na kadi yenyewe hujaipoteza, huwajibiki kwa miamala hiyo ilimradi umetoa taarifa ndani ya zile siku 60. Kwa hiyo kwenye karatasi, mke na mume walikuwa sawa kabisa: sifuri kwa sifuri.

Na bado Jumatatu asubuhi mwenye nyumba alivuta dola 1,150 kutoka kwenye akaunti yenye 242.83. Malipo yakarudishwa. Benki ikakata dola 35 kwa kurudisha malipo, salio likawa 207.83. Mkataba wa nyumba ulisema kodi ikichelewa kupita tarehe 5 kuna adhabu ya dola 75. Mshahara wa mume ulikuwa unaingia tarehe 10. Tarehe 6 wakakopa dola 900 kwa shemeji, wakaongeza za kwao, wakalipa kodi na adhabu juu.

Kwangu mimi tofauti ya kadi hizi mbili iko hapo, kwenye tarehe 1 hadi tarehe 12. Kiasi cha mwisho anachopoteza mteja kinaweza kuwa kilekile. Ila kwa krediti uchunguzi unafanyika fedha zako zikiwa kwako, na kwa debiti unafanyika zikiwa hazipo. Mwenye akiba ya miezi sita anaweza kusoma hili na kupiga miayo. Kwa mtu anayeishi mshahara kwa mshahara, siku kumi ni nyingi.

Siku kumi zenyewe zinatoka kwenye Kanuni E. Benki ina siku kumi za kazi kuchunguza. Ikishindwa kumaliza, inaruhusiwa kuendelea hadi siku 45 za kalenda, kwa sharti kwamba inaweka fedha za muda kwenye akaunti ya mteja wakati ikiendelea kuchimba. Kwa manunuzi ya dukani kwa kadi ya debiti zile 45 zinakuwa 90. Kwa hiyo mke, kwa wizi mmoja wa usiku mmoja, alikuwa na saa mbili zinazotembea kwa kasi tofauti: 45 kwa noti za kwenye mashine, 90 kwa kadi za zawadi. Hakuna aliyemwambia. Nisingeshangaa kama hata mhudumu wa simu hakujua.

Fedha za muda zina mtego wake, nao ni ile barua. Kama benki imekwambia kwa simu kwamba inataka uthibitisho wa maandishi, ikakupa na anwani, na haukufika ndani ya siku kumi za kazi, hailazimiki tena kukuwekea fedha za muda. Inapaswa kuendelea na uchunguzi kama kawaida, na hairuhusiwi kusubiri barua ndipo ianze. Lakini wewe unakaa bila kitu mpaka imalize.

Jumatano tarehe 10, mume aliuliza akiwa anavua viatu mlangoni: «Mama watoto, ile barua ya benki umeshaipeleka?»

«Barua gani? Si nilishawaambia kwa simu?»

Zilibaki siku mbili. Mtu angeweza kudhani posta inatosha, kwa sababu taarifa ya maandishi kwa mujibu wa kanuni huhesabiwa imetolewa pale unapoituma, lakini uthibitisho huu unatakiwa uwe umepokelewa, na hawakutaka kubahatisha. Alhamisi mke alikwenda tawini na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono: jina, namba ya akaunti, miamala mitatu na saa zake, sentensi moja kwamba hakuifanya wala hakumruhusu mtu, na kwamba kadi ilikuwa mkononi mwake. Karani alitaka kuichukua tu. Mke akaomba nakala igongwe muhuri wa tarehe. Karani akamwangalia, akaenda nyuma, akarudi na muhuri. Karatasi hiyo ndiyo ilimwokoa baadaye, kwa hiyo niruhusu nikae nayo kidogo: mhudumu wa simu anaweza kuandika kwenye kompyuta kwamba mteja alipiga «kuuliza salio». Karatasi yenye muhuri haisemi hivyo.

Ijumaa tarehe 12, siku ya kumi ya kazi, dola 1,362.37 ziliingia. Pungufu ya 50. Mke alipiga simu kulalamika, lakini hapo benki ilikuwa ndani ya kanuni: inaruhusiwa kuzuia hadi dola 50 kwenye fedha za muda ikiwa ina sababu ya kuamini kwamba kweli kuna muamala usioidhinishwa. Uchunguzi ukiisha kwa upande wa mteja, na kama hana sehemu ya hasara anayowajibika nayo, hamsini inarudi. Shemeji akalipwa kwanza.

Wengi wangedhani kisa kimekwisha. Fedha za muda zinaitwa za muda kwa sababu.

Siku ya 38 ikaja barua. Benki imekubali kwamba manunuzi ya dukani ya 412.37 hayakuwa ya mteja. Lakini zile 1,000 za kwenye mashine imezikataa, kwa maelezo ya mstari mmoja: muamala ulifanyika kwa namba ya siri sahihi. Kwa hiyo dola 950 za muda zitaondolewa kwenye akaunti. Barua ilitaja pia kwamba kwa siku tano za kazi benki itaheshimu hundi na malipo yaliyopangwa bila kumtoza ada ya akaunti kwenda hasi. Hilo si hisani, ni sharti la kanuni, na ni vizuri kulijua kwani ndani ya siku hizo tano unaweza kupanga bili zako upya.

Wale wanaosema «Visa na Mastercard zina sera ya sifuri, kadi zote zinalindwa sawa» waisome barua ile taratibu. Sera hizo zipo, na zinafika kwenye kadi za debiti zenye nembo zao. Zinaahidi kwamba hutalipia muamala ambao hukuuidhinisha. Benki haikubisha hilo. Ilichosema ni kwamba uliidhinisha. Ahadi ya sifuri haina jibu kwa swali la nani alisimama mbele ya mashine saa tano na dakika 52 usiku.

Sheria ya 1978 inalo. Inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba muamala uliidhinishwa ni wa benki. Mteja hatakiwi kuthibitisha kwamba hakuwepo. Na maelezo rasmi ya Kanuni E yanakwenda mbali zaidi ya watu wanavyotarajia: hata uzembe wa mteja, kwa mfano kuandika namba ya siri juu ya kadi, hauwezi kutumiwa kumwongezea hasara. Kwa hiyo «namba sahihi ilitumika» ni mwanzo wa uchunguzi, maana namba sahihi ndiyo hasa kitu ambacho kamera ya pampu iliiba. Kuifanya kuwa hitimisho ni sawa na kumwambia aliyevunjiwa nyumba kwamba mlango ulifunguliwa kwa ufunguo.

Mke alifanya mambo mawili. La kwanza ni haki ambayo barua ya kukataliwa inapaswa kuitaja, na watu huiruka: kuomba nakala za nyaraka ambazo benki ilizitegemea kufikia uamuzi wake. Zikaja kurasa nne. Tatu zilikuwa taarifa ya akaunti, ambayo alikuwa nayo tayari. Ya nne ilikuwa rekodi ya mashine, safu za herufi na tarakimu, na kwenye safu moja ilionyesha namna kadi ilivyosomwa. Miamala yote miwili ilisomwa kwa mstari wa sumaku. Kadi yake ina chipu, na kila alipotoa fedha mwenyewe miezi ya nyuma, mashine ilisoma chipu. Ule usiku tu, mstari. Kadi bandia haina chipu ya kusoma.

La pili lilikuwa karatasi ya zamu. Usiku ule wa Ijumaa alikuwa kazini kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kazini kwao mtu huingia na kutoka kwa kugusa kadi ya utambulisho kwenye kisomeo cha mlangoni. Msimamizi wake alimchapishia: ameingia saa tatu na dakika 54, ametoka saa kumi na mbili na dakika 9. Mashine ya fedha ilikuwa mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa gari. Hakuna safari ya kwenda na kurudi kwenye karatasi ile.

Benki hailazimiki na kanuni kuchunguza upya kosa lilelile baada ya kutoa uamuzi. Kwa hiyo barua yake ya pili, yenye kurasa hizo mbili na nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri, aliipeleka benki na pia akaiambatisha kwenye lalamiko kwa CFPB, ofisi ya shirikisho ya kulinda walaji wa huduma za fedha. Lalamiko likipita huko haliendi tena kwa mhudumu wa simu, na kwa kawaida hupata jibu kutoka ngazi ya juu zaidi ndani ya benki. Hilo nalo halitoi hakikisho. Mlango wa mwisho ni mahakama, kwa kuwa sheria ya 1978 inampa mteja haki ya kushtaki na kudai gharama za wakili akishinda, na nadhani kuwepo kwa mlango huo ndiko kunakofanya barua za kabla yake zisomwe.

Jumatatu ya siku ya 71 dola 1,000 zilirudi, na siku hiyohiyo dola 35 za ada. Ada hiyo ni sehemu ya kusahihisha kosa: benki ikikubali kwamba muamala haukuwa wako, inarudisha pia ada zake yenyewe zilizotokana na muamala huo. Mke hakuiomba mwanzoni. Aliiandika kwenye barua ya pili baada ya mumewe kumkumbusha.

Sasa, kuna hitimisho la haraka ambalo sitalitia saini, kwamba kila mtu aende akachukue kadi ya krediti. Mume alinufaika kwa kuwa hulipa ankara yake yote kila mwezi. Anayebeba deni mwezi hadi mwezi analipia ulinzi ule kwa riba, na kwa riba za kadi za Marekani hasara ya mwaka inaweza kuzidi kabisa alichoiba mwizi wa pampu. Mgeni asiye na historia ya mikopo mara nyingi hapewi kadi hiyo, au anapewa ile ya kuweka amana kwanza. Kwake, jambo lenye maana zaidi kuliko aina ya kadi ni ukubwa wa akaunti ambayo kadi ya debiti inaigusa. Akaunti ya matumizi yenye dola 200, na kodi ikiwa kwenye akaunti nyingine isiyo na kadi kabisa, ingemgeuza mwizi yule kuwa kero ya asubuhi moja. Meseji ya kila muamala nayo ingemkuta mke kazini, labda wakati wa mapumziko ya zamu, kabla ya saa sita na dakika 6.

Tena hakuna kati ya sheria hizi mbili iliyoandikwa kwa ajili ya mtu anayepigiwa simu na «afisa wa benki» na kutuma fedha kwa mkono wake mwenyewe. Huko mtumaji ni wewe, na swali la idhini linakuwa gumu kuliko la mashine ya usiku. Kisa hicho kinataka makala yake.

Siku hizi mke hutumia kadi ya krediti aliyoongezwa kwenye akaunti ya mumewe anapojaza mafuta, na ile ya debiti iko kwenye droo ya jikoni pamoja na betri na risiti za dhamana. Hulipa senti kumi zaidi kwa galoni. Dola 75 za kuchelewesha kodi hazikurudi. Benki ilisema hiyo si ada yake, ambayo ni kweli. Mwenye nyumba alisoma barua ya benki iliyokiri wizi, akaikunja vizuri, akamrudishia, akasema anampa pole sana, lakini mkataba unasema tarehe 5.